Nani Atamwanzishia Papa

Zaina,

Mmetoka sasa hivi, weye na mama yako, kwenda kuaga kwa shangazi yako kule Kavimvira, na minye nimefunga mlango nyuma yenu haraka haraka kama mtu mwenye kitu cha kuficha. Kweli niko nacho. Mezani kuna uzi mweupe, kroshe yako ile ya chuma yenye ncha ya ndoano, na karatasi hii. Mama yako amenipa mpaka jua lizame. Amesema atakuzungusha kwa kila mtu anayemjua, na unamjua mama yako, watu wake hawaishi.

Usitegemee barua ya mashauri. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutolala na simu chini ya mto, hayo mama yako amekuimbia wiki nzima mpaka kuku wa jirani wanayajua. Minye nina jambo moja tu, na sijui nilianzie wapi. Cheka basi. Najua hapo utacheka. Papa hajui kuanza.

Leo asubuhi, ulipokuwa umeenda kuteka maji, mama yako aliingia chumbani akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mtoto hataki kwenda," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Kalemie, wapi tena? Anasema kesho asubuhi atawapigia simu, wampe kazi muntu mwingine."

"Juu ya nini?"

"Juu yako. Ameniuliza, nani atamwanzishia Papa?"

Nikacheka. Nikamwambia aache mchezo. Mtoto amesoma uuguzi mpaka macho yakamuuma, lopitali ya Kalemie wamemwita, mama yake mdogo ameshamwandalia chumba, meli ya kesho iko bandarini Kalundu inapakia, halafu yote hayo ayatupe kwa sababu ya kofia? Mama yako hakucheka hata kidogo. "Haiko kofia," akasema. "Unajua vizuri haiko kofia." Akarudi kwenye moto wake, akaniacha peke yangu.

Najua, Zaina. Ndiyo maana siwezi kukaa. Tangu mtoke nimeenda dirishani na kurudi, nimeenda mlangoni na kurudi, na huu mguu unanitukana kila ninapougeuza. Nimejaribu mara ya kwanza. Nimezungusha uzi kwenye kidole kama ufanyavyo weye, nimeingiza kroshe chini yake, nimevuta. Ile pete ya uzi imechomoka kidoleni, imejinyonga, imekuwa fundo. Fundo zuri, kwa kweli. Meli isingetoka hapo. Lakini si mwanzo wa kofia.

Wasiojua wanafikiri kofia inaanzia pembeni. Inaanzia juu, katikati ya utosi. Unatengeneza pete ndogo ya uzi, unafuma vitanzi kuizunguka, halafu unavuta mkia wa uzi na pete inajibana mpaka tundu linapotea. Kutoka hapo ni kuzunguka na kuongeza, kuzunguka na kuongeza, mpaka kichwa kitoshee. Kuzunguka naweza. Kuongeza naweza. Hata yale maua ya matundu matundu naweza, na hilo nalisema bila haya. Lakini ile pete ya mwanzo, katika kila kofia niliyoshika ndani ya nyumba hii, ulitengeneza weye. Unaniletea kitu kidogo kama kifungo cha shati, unakiweka kwenye kiganja changu, unasema, "Kamata, Papa. Endelea." Na minye naendelea.

Unakumbuka jinsi ilivyoanza, lakini unakumbuka kutoka upande wako. Ngoja nikupe wa kwangu.

Nilikuwa mfunga kamba wa Kalundu. Meli ikikaribia gati mtu anarusha kamba, minye naidaka, naizungusha kwenye chuma, nakaza. Basi. Kazi yenyewe hiyo, na niliipenda kuliko ninavyoweza kusema. Ziwa likichafuka na meli ikabaki mahali pake, nilijua ni mikono yangu iliyoishika. Halafu wimbi likairudisha meli wakati mguu wangu uko mahali usipopaswa kuwa, na hadithi hiyo umeisikia mpaka umeichoka. Lopitali waliunga mfupa, mfupa ukaungana vile ulivyotaka wenyewe, nikaletwa nyumbani nikaambiwa nikae.

Nikae! Mtu ambaye hakuwahi kukaa hata wakati wa kula. Nilikaa kwenye dirisha lile linalotazama ziwa. Kila meli niliijua kwa honi yake, na kila honi ilinitia hasira. Nilimfokea mama yako kwa sababu ya chumvi. Niliwafokea watoto wa jirani kwa sababu ya mpira. Maji ya ziwa yalipopanda mpaka ndani ya parseli ya jirani, hadi uani kwake, niliyafokea maji. Watu wakaanza kupita mbali na mlango wetu, na waliokuja walikuja kumsalimia mama yako jikoni kwa sauti ya chini, kama kuna mgonjwa. Weye ulikuwa unarudi shule, unakaa kwenye mkeka, unafuma. Ule mlio mdogo wa uzi ukipita kwenye kroshe, hata huo uliniudhi. Siku moja nikakuambia, "Hicho kitu unachochokonoa kutwa nzima, kinasaidia nini?"

Ulinyanyuka, ukaniwekea kroshe mkononi na uzi kwenye vidole, ukapita nyuma ya kiti ukashika mikono yangu yote miwili. "Hapa, Papa. Ingiza. Vuta."

Nikavuta. Yo! Nilivuta vile ninavyojua kuvuta. Kitanzi kikabana, kroshe ikakwama, haiingii wala haitoki, na uzi ukakatika. Ukanipa mwingine, nao nikaukata. Ndipo ukasema neno lile, na mama yako akaacha kukoroga bugali ili acheke vizuri.

"Papa, hii haiko mutumbwi. Haitakimbia."

Nilijifanya nimekasirika. Nikatazama ukuta. Lakini jua halijazama nikakuomba uzi tena, na weye, mtoto mwenye adabu, ukanipa bila kutabasamu. Nilikuona ulivyogeuza uso.

Nimesimama kidogo. Nimeenda kutazama njia, hamjaonekana. Huko milimani kumekuwa kweusi, mvua ikishuka itawarudisha mapema, na minye bado sina kitu cha kukuonyesha. Nimejaribu tena. Safari hii pete imekaa kidoleni, nimefuma vitanzi vyote vizuri, nimefurahi, nimevuta mkia wa uzi ili ijibane. Mkia umekatika. Nimesema neno ambalo siliandiki hapa. Bora nirudi kwenye barua mpaka mikono itulie.

Kofia yangu ya kwanza haikuwa kofia, unajua mwenyewe. Nilisahau kuongeza, ikasimama kama kikombe, na mama yako akaichukua iwe ya kushikia sufuria ya moto. Iliyofuata niliongeza kwa ukarimu kila mahali, ikajikunja pembeni kama jani la kabichi. Bado iko juu ya redio. Kila unapopita pale unaigusa, unafikiri sikuoni.

Unataka kujua nini kilinishika? Hujawahi kuniuliza, ila minye nimejiuliza sana. Mwanzoni haikuwa kufuma, ilikuwa kufumua. Mtu anakosea, anavuta uzi, mizunguko inakimbia trrr mpaka chini, na uzi uko palepale, mzima, kama hakuna kilichotokea. Kalundu hakuna kosa la namna hiyo. Ukikosea pale unalibeba mwilini, kama minye. Sasa nikakutana na kazi inayosamehe. Nilikuwa nakosea kwa makusudi wakati mwingine ili nifumue tu. Hilo sikuwahi kukuambia.

Halafu ikaja raha yenyewe. Ilikuja polepole, sikuiona ikiingia. Kwanza unatazama vidole, unahesabu kwa mdomo, ulimi nje kama mtoto. Siku zinapita, vidole vinajua njia, na macho yanabaki huru. Unaweza kutazama ziwa. Unaweza kumsikiliza mama yako akisimulia habari za soko, na ukazisikia kweli, si kungoja tu amalize. Siku moja meli ilipiga honi, ikapita, ikapotea nyuma ya Kalundu, na nilipomaliza mzunguko ndipo nikashtuka: sikukasirika. Nilikuwa natafuta mahali pa kuingiza kroshe, na honi ikapita bila kunikuta. Siku hiyo nilimwita mama yako nikamwambia chakula kimekolea. Alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Naipenda kazi hii, Zaina. Acha niseme hivyo bila kuzunguka. Napenda kuona ua likitokea pale ambapo hapakuwa na kitu. Napenda kuuliza rangi ya uzi kama mtu anauliza habari za mgeni. Haiko kwa ajili ya kupitisha muda, wala haiko dawa ya mguu, ingawa shangazi yako anapenda kusema hivyo mbele za watu. Naipenda tu, kama wengine wanavyopenda karata.

Lakini aibu ilikuwepo. Babu yangu, yule mwenye duka la vitambaa, alikuwa anashona kofia zake mwenyewe kwa sindano akingoja wateja, na hakuna aliyemcheka. Sindano ni sindano. Kroshe, watu wa hapa wanaijua mikononi mwa wasichana. Basi mtu akibisha hodi, navuta pazia na kuficha uzi chini ya mto wa kiti, na mgeni anakaa juu yake. Weye unakohoa ili usicheke.

Sasa nakuja kwenye ile habari ya Rashidi, ambayo sisi wawili hatuisemi.

Rashidi nilifunga naye kamba Kalundu tangu tuko vijana, na ndiye mtu pekee aliyeendelea kuja wakati nilipokuwa nafokea maji. Ijumaa moja nilivaa kofia yangu nyeupe msikitini, ile ya maua. Tulipotoka akaniuliza, "Hii umenunua wapi?"

Ulimi ukateleza. "Nimeifuma minye mwenyewe."

"Weye? Kwa vidole hivyo?"

"Kwa vidole hivi hivi."

Nilitegemea acheke mpaka barabarani wasikie. Akaivua kichwani kwangu, akaigeuza, akaitazama kwenye jua. Halafu akasema, "Nifumie na minye." Nilirudi nyumbani siku ile nikitembea kama mtu mwenye miguu miwili mizima.

Weye ulikuwa unaondoka kwenda mafunzo ya lopitali kule Luvungi. Ukanianzishia kofia ya Rashidi kabla ya kupanda pikipiki ya motari, na minye nikaimaliza peke yangu, pazia limefungwa. Nikampa. Ijumaa iliyofuata, tumemaliza kuswali, namwona anajikuna utosi.

"Ndugu yangu," akasema, "kofia ni nzuri, lakini umeweka mawe ndani? Nikisujudu inanichoma hapa, na hapa, na hapa."

Nikaitazama. Mafundo. Kila mahali uzi ulipoisha na kuanza mwingine, nilikuwa nimeuunga kwa fundo la gati, lile la kuzungusha na kukaza, kwa sababu ndilo fundo ninalolijua na halijawahi kuniangusha. Meli nzima ungeifunga kwa kofia ile. Tulicheka mpaka imamu akatutazama.

"Na yako weye haikuchomi?" Rashidi akauliza.

"Hainichomi," nikasema. Na hapo hapo kicheko kikaniishia.

Kwa sababu ya kwangu nayo niliunga kwa mafundo yale yale. Sijui namna nyingine. Nilirudi nyumbani, nikaigeuza kofia yangu ya Ijumaa ndani nje, nikapitisha kidole kila mahali. Hakuna hata fundo moja. Laini kama shavu la mtoto. Nikachukua nyingine kabatini, na nyingine. Laini zote.

Uliporudi kutoka Luvungi nilikuwekea zote mezani. Weye ukatazama kofia, ukanitazama, ukakaa chini hata begi hujalitua.

"Nilikuwa nafumua ukilala," ukasema. "Sehemu tu. Nafuma tena, naondoa fundo."

"Sehemu gani?"

"Sehemu nyingi, Papa."

Zaina, nimevunjika mfupa na najua maumivu ni nini, lakini sikuwahi kuona uchungu wa namna ile. Nilimwambia Rashidi ni kazi yangu. Nilitembea barabarani na kazi yako kichwani, najisifu. Nikakuuliza kwa nini, na ukasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku hiyo: "Nilikuwa naogopa ukiona mbaya utaacha. Ukiacha utarudi kwenye dirisha."

Nilinyamaza siku nzima ile na iliyofuata, ukafikiri nimekukasirikia. Sikukukasirikia. Nilikuwa najiuliza mtoto ana umri gani mpaka anaamka kuchunga furaha ya baba yake ili isizimike. Nilikuwa naona haya, na nilikuwa nakupenda sana, na minye nikipenda hivyo nanyamaza, huo ndio ujinga wangu. Ningekuambia siku ile ile. Nakuambia leo.

Tangu hapo umeacha kufumua, najua, nakagua. Umenifundisha kuunga uzi bila fundo, kuuficha mkia ndani ya vitanzi. Rashidi nimemfumia nyingine na anaswali bila kujikuna. Kilichobaki ni kile kimoja tu: mwanzo. Na kwa mwanzo minye ndiye niliyekuwa mvivu. Ulikuwa unaniambia, "Papa, jaribu mwenyewe leo," na minye nasema vidole vyangu vinene, kesho, kesho. Haikuwa vidole. Nilipenda ile saa unapokuja na kifungo chako cha uzi na kukiweka kwenye kiganja changu. Nilijua siku nikijua kuanza, hutakuja tena nacho. Kumbe mwenzangu kwa upande wako unahesabu vile vile, na ukafika kwenye jibu baya kuliko langu: kwamba uiache Kalemie ikukose.

Sasa nisikilize. Sitaki ubaki. Nasema kwa sauti hapa ndani peke yangu ili nisikie inavyolia: sitaki ubaki. Nataka ubaki, hilo nalo ni kweli, lakini sitaki. Ukibaki kwa ajili yangu, kila pete utakayonianzishia itakuwa imenikaza minye, na weye ndani yake. Kuna wagonjwa huko wanaongoja mikono yako hiyo isiyokata uzi.

Na kama unaogopa dirisha, hata minye naliogopa. Hapo sikudanganyi. Siku mbaya zitakuja, nitamfokea mama yako kwa sababu ya chumvi, naye ana mdomo, atanijibu. Lakini

Zaina, ngoja.

Ngoja kwanza. Samahani kwa doa hili la wino, na kwa karatasi ilivyokunjika. Nitakuambia kilichotokea.

Nilikuwa naandika lile neno, nikakwama, nikaitazama kalamu. Kalamu ni nyembamba. Haina sugu za kamba, haijavimba, haibanduki ngozi. Nikasema, sasa kwa nini nazungusha uzi kwenye kidole? Kwa sababu weye unazungusha kwenye kidole, basi. Lakini kidole chako ni chako. Nikazungusha uzi kwenye kalamu. Nikashikilia kalamu kwa meno, usicheke, ndiyo, kwa meno, wino ukanipaka mdomo. Nikapitisha kroshe, nikavuta kitanzi, kikakaa. Nikafuma cha pili, kikakaa. Nikazunguka pote. Halafu nikachomoa kalamu polepole, na pete ikabaki imesimama yenyewe, haikujinyonga.

Ikabaki kuvuta mkia. Hapo niliuweka chini uzi nikaenda mpaka mlangoni. Nikarudi. Nikasikia sauti yako kabisa, kama uko nyuma ya kiti: haiko mutumbwi. Nikavuta kidogo. Nikaacha. Nikavuta kidogo tena. Pete ikasogea, ikasogea, ikajifunga.

Nimepiga kelele, jirani ameuliza ukutani kama nimeanguka. Nimemwambia niko salama, na nikalia kidogo, kisha nikafanya nyingine ili niamini. Hiyo ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Ninayo hapa kwenye goti, nimeshaizungushia mara kadhaa, na mama yako atakapoingia nitaendelea nayo mbele yake na pazia wazi. Hata mtu akibisha hodi.

Kwa hiyo lile swali ulilomuuliza mama yako limekwisha. Hakuna wa kumwanzishia Papa. Papa ameanza.

Barua hii nitaiweka juu ya valizi yako, pale kwenye kufuli, hutaweza kuifungua wala kuifunga bila kuigusa. Isome leo, kabla hujampigia mtu yeyote simu. Kesho nitakuja gatini. Ndiyo, minye. Sijakanyaga Kalundu tangu mguu huu, unajua, lakini Rashidi atanifuata na motari, nimemtumia ujumbe sasa hivi. Nitasimama nyuma na mama yako kama wazazi wengine. Kamba sitaigusa. Kuna kijana wa kuifungua, na nimeambiwa ana mikono mizuri.

Mvua imeanza kudondoka na nasikia mama yako anacheka barabarani, kwa hiyo nafanya haraka.

Ndani ya karatasi hii nimefunga ile pete ya kwanza, niliyofanya kwa meno. Iko na uzi wake na kroshe, kroshe yako, minye nitatumia ile ya mbao. Ni kofia yangu, kipimo cha kichwa changu unakijua. Nenda nayo Kalemie. Ukitoka kazini, miguu inauma, hutaki kusema na mtu, ishike. Zunguka mzunguko mmoja, au nusu tu, kwa raha yako, si kwa ajili yangu. Hata ukikawia sana, haidhuru. Siku utakayorudi utanivika.

Utaona tundu la katikati halikufunga vizuri. Ukiiinua kwenye taa mwanga unapita. Pembeni kuna doa la wino, na kitanzi kimoja kimebana kuliko wenzake. Nakujua, mkono utakuwasha kuifumua yote na kuianza upya inavyotakiwa.

Usiifumue, mwanangu.

Kamata, Zaina. Endelea.

Papa yako